Siku Niliyoulizwa Vidole

Haya alinihadithia kwanza mama, maana mengine mimi sikuyaona. Nilipokuwa mtoto kule Olumbi, wakati wa vita vya kumtoa Mreno, kichwa kiliniuma kila asubuhi mpaka natapika. Nikiinama, giza linapita machoni, halafu linaondoka.

Bibi, mzaa mama, akasema ni jini. Jini huyo, ukikiri tu kwamba huoni, anayachukua macho moja kwa moja. Nikanyweshwa kombe, zile aya za zafarani zilizooshwa sahanini kwa maji. Nikakatazwa kusema "sioni". Basi nikawa najigonga mlangoni, nanyamaza.

Mama akanipeleka kwa infermero, muuguzi wa wapiganaji, porini, nyuma ya mashamba ya mihogo. Bibi akafuata, ananung'unika njia nzima.

Infermero akaniketisha, goti kwa goti. "Ziba jicho moja. Nitazame puani, usigeuke. Vidole vingapi?"

Bibi kakaa chini miguuni pangu, kanishika kidole gumba cha mguu. Akaminya mara mbili.

"Viwili," nikasema.

Akaminya mara tatu. "Vitatu."

"Anaona huyu!" bibi akasema. "Mwanangu, katafute mgonjwa mwingine."

Infermero akapeleka mkono pembeni, karibu na sikio langu. Nikangoja kuminywa. Nikangoja. Mama alisema bibi aliutazama mkono ule, unapunga kabisa, akanitazama mimi nisiyeuona. Akaniachia.

"Sema mwenyewe, mke mwenzangu." Ndivyo bibi alivyozoea kunitania.

"Bibi, na jini je?"

"Jini nitagombana naye mimi. Sema."

"Sioni kitu."

Infermero akanimulika ndani ya macho. "Maji ya kichwa yamezidi, yanabana macho. Akikaa hapa atapofuka."

Tukavuka Ruvuma, hadi hospitali. Wakanitoa maji kwa sindano ya mgongoni, wakanipa vidonge, na kila asubuhi vidole tena. Jicho la kushoto, upande wa nje, halikurudi. Kulikobaki ndiko ninakowaonea nyinyi.

Watu humcheka bibi na majini yake. Mimi simcheki. Bibi alimwogopa kweli yule jini, mpaka anakufa alimwogopa, na bado aliniambia niseme. Infermero namshukuru, hata jina sikulijua. Lakini bibi, hakuna swala ninayosali nikamsahau.

Haya, wajukuu zangu, sogezeni mkeka ukutani, mlale. Kumeshakuwa usiku.