Sahani ya Mgeni

Jirani yetu hapa mjini Buffalo, karibu na barabara ya Bailey, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Polandi. Hakuoa. Alizeeka akimuuguza mama yake, na theluji ikianguka alizoa ya mlangoni kwetu kabla ya kwake, kisha akajifungia ndani ili asishukuriwe.

Krismasi yangu ya kwanza hapa nilikwenda kwao jioni ya mkesha na sufuria ya maharage, bila kualikwa. Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia, kuomba miadi kwa jirani kungekuwa tusi. Nikakuta meza ya watu wawili, na sahani ya tatu, safi. Nikajua wanamngoja mtu. Nikaomba radhi, nikageuka.

Akanizuia mlangoni. "Wazazi wangu waliiweka kila mwaka," akasema, "kwa yeyote atakayebisha hodi. Mimi pia naiweka. Hajawahi kuja mtu."

Mama yake alikuwa ameshaanza kunipakulia.

Mama yake alitangulia kufa, na vuli hii tumemzika yeye pia. Leo ni mkesha, nami nimeweka sahani ya ziada. Wanangu wananiuliza kwa Kiingereza tunamngoja nani. Nafungua pazia, nalifunga, napasha maharage yaliyokwisha kupashwa. Kungoja huku kunaniudhi. Aliwezaje kukaa hivi maisha yake yote, bila kuinuka kila gari lilipopunguza mwendo?

Mimi siwezi. Navaa koti, nabeba sufuria. Kwenye nyumba yake wamehamia watu nisiowajua, na lazima mmoja wetu abishe hodi.