Dawa ya Shingo

Mpaka leo nikisikia mtoto wa kike anasifiwa kwa kuwa na aibu, napandwa na hasira. Mimi nilisifiwa hivyohivyo, na adabu yangu ikamvunjia dada yangu nyumba.

Dada aliolewa Shume. Miaka minne hakushika mimba, na shingoni alikuwa na rovu, uvimbe ambao kwetu milimani haukumshangaza mtu. Walisema huletwa na kubeba kuni kichwani. Mama mkwe wake alimwita mgumba mbele ya watu. Mwishowe akakubali dada apelekwe hospitali Lushoto, naye akaenda kumsimamia. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa darasa la saba, na Kiswahili cha hao wawili kilikuwa cha gulioni tu.

Daktari alieleza vizuri. Tezi ya shingoni hutengeneza homoni, alisema; ikizembea, hedhi huvurugika na mimba haishiki. Ameze kidonge kimoja kila asubuhi, asiache hata uvimbe ukipungua. Akayaandika yote kwenye bahasha ya dawa.

Mama mkwe akanigeukia. "Amesema nini?"

Ningetamkaje hedhi mbele ya mkwe wa dada yangu? Kwetu mtoto akilitaja neno hilo mbele ya wakubwa, anayeaibika ni mama yake. Nikajibu kwa Kishambaa kwamba ni dawa ya shingo, kidonge kimoja kila asubuhi. Basi.

Nikarudi shule. Uvimbe ukapungua, hedhi ikarudi mara mbili. Mama mkwe akaona shingo imepona, akavitupa motoni vidonge vilivyobaki. Hedhi ikakatika tena. Mwaka haukuisha, mume akaoa mwingine, na dada akarudishwa kwetu na sanduku lake. Nilimchukia yule mama kwa miaka, maana kumchukia yeye kulikuwa rahisi.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipoanzisha kisomo cha watu wazima, dada alikuwa wa kwanza kuketi darasani. Siku moja alinifuata jikoni na ile bahasha. Alikuwa ameitunza sandukuni. Akasoma akifuata kwa kidole: "A-si-a-che. He-dhi. U-za-zi."

Akanitazama. "Siku ile wewe ulikuwa unajua kusoma."

"Nilikuwa najua, dada."

Afadhali angenipiga. Aliikunja bahasha, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kesho nakwenda Lushoto," akasema. "Nitakwenda peke yangu."