Theopista wa Ushirombo, Mama Presha wa Machimboni

Alizaliwa Ushirombo mwaka 1959, katika nyumba ya wakulima wa pamba waliosali rozari kila jioni. Alipokuwa darasa la sita, baba yake, Mzee Nestory, alianguka shambani, akapooza upande mmoja na kupoteza usemi. Ukoo ulisema amerogwa, na jirani aliyeshukiwa akahama kijiji. Theopista alimlisha baba yake uji hadi alipofariki, akamwomba Mungu amwonyeshe adui halisi wa nyumba yao.

Alionyeshwa darasani. Akisomea udaktari alijifunza kwamba presha hupanda kimyakimya kwa miaka mingi, kisha huleta kiharusi, na kwamba inaweza kuzuiwa. Mwaka 1986 alihitimu, akakataa nafasi ya kubaki Dar es Salaam, akarudi Shinyanga, mkoa wa kwao wakati ule. Hakuolewa. Alipokabidhiwa kazi ya kinga ya magonjwa mkoani, alitaka kila mtu mzima anayefika zahanati apimwe presha, hata kama amekuja kwa kidonda cha mguu. Aliwaomba mapadre na maimamu wamsaidie, na watu wakaanza kupimwa baada ya Misa kule Tinde na baada ya swala ya Ijumaa mjini Kahama.

Jaribu kubwa lilimpata mwaka 2009, alipokwenda kupima watu machimboni Geita. Ulivuma uzushi kwamba kifaa chake hunyonya damu ya kutafutia dhahabu. Wachimbaji walimzingira. Akida, mwenye shimo, Mwislamu aliyeheshimika, akamwambia, "Shikamoo, mama. Nakuomba uondoke salama. Hapa hupimi mtu."

"Marahaba, mwanangu. Basi nijipime mwenyewe, halafu niondoke."

Aliketi juu ya kiroba cha mawe, akajifunga kifaa mkononi, akasoma, akaangua kicheko. "Iko juu. Miaka yote napima watu, mimi mwenyewe nimejisahau. Kesho nitarudi nipime tena mbele yenu, ikibaki hivi nianze dawa."

Wachimbaji nao wakacheka. Akida akakunja shati. "Nipime na mimi, tujue nani kamzidi mwenzake."

Ya Akida ilikuwa juu zaidi. Kesho yake walipima tena, zote mbili zikabaki juu. Tangu hapo walimeza vidonge pamoja, kila mmoja kwake, na kila asubuhi Akida alimpigia simu: "Mama, umemeza?" Machimbo yote yakamfungulia milango, naye akaitwa Mama Presha, jina alilolipenda kuliko cheo chochote.

Alifariki kwa homa ya mapafu mwaka 2022, akitabasamu, kwa ushuhuda wa mdogo wake Dorika. Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake, nasi hatutangulii hukumu hiyo. Lakini mazishini wengi walitaka kusimulia maajabu, na Akida ndiye aliyeanza: "Wengine huombewa wakainuka. Mimi sikuanguka kabisa. Mwaka huu nimecheza kwenye harusi ya binti yangu mpaka wakwe wakaomba tupumzike."

Kwaya ikapiga kigelegele, na waombolezaji wakacheka kando ya kaburi bila aibu. Tumwige, ndugu wapendwa: tukiri udhaifu wetu mbele ya wale tunaotaka kuwaponya, na tuwapende jirani zetu wangali wazima.