Diski Niliyoichora kwenye Karatasi

Alhamisi, tarehe 12 Machi. Mvua ilianza kabla sijawasha moto wa asubuhi, ikakata saa mbili, ikaacha ukungu umelala juu ya mikahawa. Nikaona nisiahirishe tena, niende Tunduma.

Nilichokuwa nakifuata ni kava la diski. Kompyuta yetu ya mezani iliungua mwaka jana, umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Fundi wa Vwawa aliifungua akasema ubao wa ndani umekufa, ila diski, kile kidude cha bati kinachotunza kumbukumbu zote, inaonekana nzima. Akaichomoa akanipa mkononi. "Tafuta kava lake," alisema. "Uitie humo, uchomeke waya kwenye kompyuta nyingine, utasoma kila kitu." Kompyuta nyingine ninayo, ndogo ya kukunja, aliniachia binti yangu alipohamia Morogoro. Mke wangu naye yuko huko tangu binti ajifungue mapacha. Alikwenda kwa miezi mitatu, sasa unaelekea mwaka. Simlaumu. Mapacha ni kazi, na mimi sijamwambia waziwazi kwamba arudi.

Ndani ya diski kuna video ya siku tulipomaliza matanga ya mama. Binti aliipiga kwa simu akaihamishia kwenye kompyuta. Simu yenyewe iliibiwa baadaye. Siku hiyo ndiyo iliyonitenga na mdogo wangu. Nilisimama kama mkubwa wa familia kuwashukuru watu, na katikati ya maneno yangu yeye akainuka akatoka. Ukoo wote ukaona. Kesho yake nilimuuliza, akanijibu, "Kaka, si wewe ndiye uliyenituma?" Nikamwambia amenidharau, sasa anaongeza na uongo. Hatujasemezana miaka minne, na nyumba yake iko ng'ambo ya shamba la kahawa tu. Moshi wa jiko lake nauona kila siku.

Nilitaka kuiona siku ile kwa macho. Kusema kweli nilitaka kuona kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Lakini pia nilijiwekea ahadi kwamba nikikuta nimekosea, nitakwenda kumwambia. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwamo moyoni, na sijui lipi lilizidi.

Diski sikuibeba. Fundi alisema haipendi kutikiswa, na njia ya kutoka kwetu Igamba kwa bodaboda wakati wa mvua naijua. Nikafanya kama tunavyofanya tukimwagizia mtu viatu: anakanyaga karatasi, unazungusha kalamu. Nikaiweka diski juu ya karatasi ya daftari, nikaizungushia kalamu, nikakata kwa mkasi, nikatia karatasi kwenye mfuko wa shati. Nilijiona mwerevu.

Duka nililoelekezwa liko karibu na mpaka. Mwenyewe ni mama wa makamo, alikuwa anamuuzia chaja mwanamke wa Zambia kwa neno la heshima la kwao, "mukwai" huku na "mukwai" kule. Nikampa karatasi yangu. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Baba, hii ni diski au kandambili?"

"Ni diski. Nimeipima."

"Umeipima mguu!" Akamwonyesha yule Mzambia, wakacheka hadi wakashikana mabega. Nami nikacheka, maana ilichekesha.

Lakini alinihudumia vizuri, lazima niseme. Alishusha makava matatu kutoka rafu ya juu. Akaweka karatasi yangu juu ya lile dogo, ikazidi pande zote. "Hili ni la diski za kompyuta za kukunja. Lenyewe linapata umeme kwa waya huohuo wa kompyuta. Diski yako ni kubwa, inataka kava lenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Yapo haya mawili." Akaipima karatasi kwenye moja, ikakaa. Akaipima kwenye la pili, ikakaa vilevile.

"Haya, mdomo wake ukoje?"

"Mdomo?"

"Pale unapoingia waya. Hili ni la diski za zamani, zina meno mengi kama kitana. Hili ni la diski zenye midomo bapa. Ukibahatisha, kesho utakuwa hapa tena unanilaumu."

Sikujua. Nimeishika mara nyingi, nimeifuta vumbi kila Jumamosi, lakini mdomo wake sijawahi kuutazama. Karatasi ilikuwa na urefu na upana, basi.

"Si upige simu nyumbani wakuangalizie?"

Alisema kirahisi, kama mtu ambaye kwake simu ikilia kuna wa kuipokea. Nikamwambia nyumbani hakuna mtu.

"Hata jirani, baba?"

Nikakaa kwenye kiti alichonisogezea. Ningeweza kurudi kesho, na labda ndiyo ingekuwa haki, maana nilikuwa nataka kumwomba mtu anisaidie kupata kitu cha kumhukumia yeye mwenyewe. Namba ya mdogo wangu sikuwahi kuifuta. Nikapiga.

"Ndiyo," akasema. Hakuniita kaka.

Nikamweleza ninachotaka, haraka, kama napiga simu ya kulipia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ufunguo uko palepale?"

"Palepale."

Nyumba ninayoishi ilikuwa ya mama. Ufunguo unakaa nyuma ya pipa la maji tangu tukiwa watoto, wala sikuwahi kuuhamisha hata tulipogombana. Sijui kwa nini. Baada ya muda simu ikalia.

"Nimeiona. Haina meno. Ina vijimdomo viwili bapa, kimoja kirefu, kimoja kifupi."

"Ahsante."

"Hii si ndiyo yenye siku ya mama?"

"Ndiyo."

Nikasikia mvua ikipiga bati la nyumba yangu ndani ya simu. "Haya," akasema, akakata.

Nikalichukua kava la midomo bapa.

Nilifika nyumbani saa kumi. Juu ya meza ya sebuleni, pale nilipoiacha diski, palikuwa na beseni langu la kufulia, limejaa maji nusu. Bati lilikuwa limeanza kuvuja nami sina habari. Diski ilikuwa kabatini, imelazwa juu ya taulo kavu. Alama za matope zilikomea kizingitini. Alivua mabuti akaingia pekupeku.

Nikaitia diski kwenye kava, nikakaza skrubu nne, nikachomeka adapta ukutani na waya kwenye kompyuta. Taa ndogo ikawaka, diski ikaanza kuunguruma taratibu.

Niliiona. Nimesimama na koti langu jeusi, nawashukuru majirani. Halafu nageuka kushoto, namshika mdogo wangu bega, nasema, na inasikika wazi kabisa: "Nenda kaangalie wajomba wa Nakonde kama wamepata chakula." Anainuka, anatoka. Naendelea kushukuru. Baadaye kidogo natazama kiti chake kitupu, na uso wangu unabadilika. Niliirudia mara tatu. Siku ile sikukumbuka kusema maneno hayo, hata sasa sikumbuki. Lakini sauti ni yangu na mkono ni wangu.

Nikavuka shamba la kahawa kabla sijapata muda wa kujishauri. Alikuwa barazani anatia mpini kwenye jembe.

"Umeona?"

"Nimeona. Nilikutuma mimi. Nimekukosea, mdogo wangu, na nimekuita mwongo."

Aligonga mpini chini, akautazama kama umenyooka.

"Miaka minne, kaka."

"Minne."

"Na wajomba, walikula?"

"Video haionyeshi."

"Walikula. Nilirudi kukwambia, ukanipa mgongo."

Hilo nalo sikumbuki, na hakuna diski ya kulitazamia. Nililipokea. Hakunikaribisha ndani, na sidhani nilistahili kukaribishwa leo. Nilipoaga, shemeji alitoka jikoni akanipa maparachichi mawili, akasema njia inateleza, niangalie.

Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala na maharage ya jana na parachichi moja. La pili bado gumu, nimeliweka kabatini.