Siku Tulipokwenda Kuhani Sinema

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ngamiani, Jumapili ilikuwa na harufu yake. Ilinukia udi, asumini na pasi ya mkaa. Siku hiyo Mama alikuwa mwepesi tangu asubuhi: wali umeiva mapema, vyombo vimeoshwa, nami nimesuguliwa dodoki mpaka ngozi inawasha. Akishaswali adhuhuri anavaa buibui, ananishika mkono, tunatoka. Tunakwenda sinema, onyesho la wanawake.

Watoto wa siku hizi ukiwaambia Tanga ilikuwa na kumbi mbili za sinema wanakutazama kama umechanganyikiwa. Juzi mjukuu wangu Rehema, ambaye kidole chake na simu havijawahi kuachana, alinisomea habari ya makampuni makubwa ya sinema huko ng'ambo. Ati kumbi ziko tupu, hali ni mbaya, sasa yanaungana, kubwa linameza dogo. "Bibi, umewahi kusikia mambo kama haya?" Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka mabegani. Jamani! Hayo sisi tuliyaona hapahapa kabla mama yake hajazaliwa.

Ukumbi mmoja tukiuita wa Juu, mwingine wa Chini. Wa Juu ulikuwa na viti vya sponji na mapazia mekundu. Wa Chini viti vyake vya mbao, ukikaa vibaya vinakufinya paja, lakini ndio uliokuwa na onyesho la wanawake, kwa hiyo kwetu ndio ulikuwa ukumbi. Mwanamume hakuingia. Mlangoni alisimama Bi Tatu, mama wa miraba minne, ambaye hakushughulika na tiketi tu. Alikuwa akiinama kutazama miguu, maana kuna vijana waliwahi kujitia buibui wapenye. Akiona kisigino kimepasuka kama cha mchukuzi anasema, "Wewe, hebu nisalimie nikusikie sauti!" Fundi wa mashine ya kuonyeshea picha alipanda chumbani kwake kabla hatujafika, akajifungia mpaka wa mwisho wetu atoke. Sikuwahi kumwona uso.

Baba, karani wa bandarini, mtu wa maneno machache, aliuliza mara moja tu katika maisha yake: "Mle hamna mwanamume?" Mama akajibu hamna. "Basi nenda." Hiyo ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo Mama ya kutoka nyumbani pasipo harusi, msiba wala mgonjwa.

Na ndani, mwenzangu, ilikuwa raha! Picha za Kihindi, ndefu, nyimbo tele. Machungwa ya Muheza yakimenywa gizani unayasikia puani kabla hujapewa kipande. Kashata, bajia, embe la achari kwenye karatasi ya daftari. Akina mama walimwonya msichana wa kwenye picha, "Usimwamini huyo, ana macho ya wizi!" Walilia, wakatukana, wakavua buibui wakajipepea nazo. Mama yangu peke yake alikaa kimya, mikono mapajani.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo. Vibanda vya video vikaota kila mtaa, vipuri vya mashine havipatikani, picha mpya zinachelewa. Wenye kumbi, watu waliokuwa hawapeani hata salamu, wakakubaliana kukodi picha moja waigawane. Mkanda wa kwanza ukimalizika Juu, bwana mmoja jina lake Hamisi anaufunga kwenye baiskeli, mbio mpaka Chini, anarudi kuchukua wa pili. Akipata pancha, taa zinawashwa, tunakula. Jumapili moja alichanganya mikanda. Kijana wa picha akapigwa risasi, akafa, akazikwa, ukumbi mzima kilio, Bi Tatu amejifunika kanga usoni. Mkanda uliofuata, yule marehemu yuko kwenye harusi yake anacheza. Loh! Nusu ya ukumbi walikimbilia mlangoni. Na Hamisi, mpaka mwisho, alishikilia kwamba mikanda aliipanga sawasawa, ni picha yenyewe iliyokuwa mbovu.

Hata kugawana hakukusaidia. Wenyewe wakauza, na kumbi zote mbili zikachukuliwa na tajiri mmoja, Bwana Salehe, aliyekuwa na malori ya kwenda Horohoro mpakani. Ukumbi wa Juu akaugeuza ghala. Wa Chini akaubakiza, ila onyesho la wanawake akalifuta. Alisema wanawake hawajazi viti, wanakuja na chakula chao, na kelele zao zinachosha. Jumapili mchana akaweka picha za ngumi.

Jumapili ya kwanza Mama alipika mapema kama kawaida, kisha akakaa kibarazani na kanga yake mpya hana pa kwenda nayo. Ya pili akaunguza wali. Mama yangu kuunguza wali! Baba akaula hivyohivyo. Nilikuwa mdogo lakini niliona kuna kitu kimezimika ndani yake, na niliogopa.

Jumapili ya tatu akavaa buibui, akakunja mkeka, akaniambia, "Vaa ndara." Njiani tukamkuta Bi Tatu na mkeka wake. Kila kona wakaongezeka wengine, hadi tukawa kundi zima, tunatembea taratibu, vichwa chini, mwendo wa watu waendao msibani. Tukaingia uani kwa Bwana Salehe, tukatandika mikeka, tukakaa.

Mkewe akatoka na upawa mkononi. "Jamani, kuna nini?"

"Tumekuja kuhani," Mama akasema.

"Nani kafa?"

"Jumapili yetu."

Bwana Salehe akatoka mbio, msuli kiunoni. "Hapa hakuna msiba! Nendeni majumbani kwenu!" Mmoja akaanza kwikwi, wa pili akampokea, Bi Tatu akatoa kilio kilichovuka ukuta. Na nyinyi mnatujua watu wa Tanga: nani apite penye kilio asiingie? Majirani wakavua viatu mlangoni. Wanaume wakaleta mabenchi, wakayapanga nje. Mzee mmoja akamshika Bwana Salehe mkono kwa huruma: "Makiwa, mwanangu. Maziko saa ngapi?" Mwingine akatuma sukari na mchele. Kila Bwana Salehe aliposema hajafiwa, watu walitikisa vichwa wakasema masikini, uchungu umemzidi.

Aliyemaliza mambo ni mama yake mzazi, bibi mfupi aliyetoka ndani amejishika kiuno. Akatutazama, akaelewa. "Salehe, watu wanakulilia ungali hai. Mimi hili silitaki nyumbani kwangu. Warudishie siku yao."

Bwana Salehe akainamisha kichwa, akairudisha. Ule mchele wa msiba tulipikiwa pilau, tukala, na wiki iliyofuata tukarudi kwenye viti vyetu vya kufinya.

Tulipata mwaka mmoja na miezi. Kisha mashine ikafa, na safari hii Bwana Salehe hakuwa na ujanja, maana hata wa picha za ngumi walikuwa wamehamia kwenye video. Ukumbi ukafungwa. Mama hakubeba mkeka tena, kwa sababu hapakuwa na wa kumlaumu. Tangu hapo alitoka kwa harusi, kwa msiba na kwa mgonjwa.

Nilipoanza kazi, zawadi ya kwanza niliyomnunulia ni televisheni na deki ya video, na rundo la picha za Kihindi. Nilijiona mtoto mwema, weee! Alinishukuru, akaifunika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake maua ya plastiki. Miezi ikapita haiwashwi. Siku moja, tunachambua mchele, nikamuuliza kama picha zile hazipendi.

"Picha?" akasema. "Mwanangu, mimi zile picha sikuwahi kuzielewa hata moja. Kihindi nakijulia wapi? Nilikuwa napenda kukaa mle gizani. Saa tatu nzima, hakuna anayeniita."

Hapohapo sauti ya Baba ikatoka chumbani ikimtaka maji ya kunywa. "Labeka," Mama akaitikia, akaweka ungo chini, akanyanyuka.

Ametangulia mbele ya haki sasa, na Baba pia, Mungu awarehemu. Rehema huniambia sinema haijafa, Bibi, imehamia mkononi tu, na kweli ananionyesha picha elfu kwenye kioo kisichozidi kiganja, nzuri, za rangi, hazichanganyi mikanda. Namkubalia. Lakini huwa namtazama yeye mwenyewe akitazama. Hafikishi nusu ya picha, simu inalia, ujumbe unaingia, huyu anamtaka, yule anamwuliza yuko wapi. Kila mara anajibu. Nami hutamani ningemshika mkono, mchana wa Jumapili, nimpeleke mahali ambapo hakuna atakayemwita, na Tanga nzima sijui tungekwenda wapi.