Vitenge vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kutoka kwao, juu huko Meru, na mfuko wa vitenge vyake vya zamani: vya kanisani, na vile alivyojifunga akiwa na mimba za watoto wake.

"Mwili umeisha, havinikai tena," akaniambia. "Nishonee kitu cha kujifunika. Baridi ya kule unaijua." Halafu akasema lililoniogopesha: "Usiviharibu, mwanangu. Vingine sina."

Mimi si fundi. Baada ya darasa la saba nilijifunza cherehani ya miguu kwa shangazi, basi. Hapa nyumbani Lemara nina kicherehani cha umeme, cha mtumba. Kukata vipande na kuviunga niliweza. Nikaweka blanketi jembamba katikati, shuka chini, nikabana kwa pini. Ikabaki kushikiza matabaka yote matatu kwa ule mshono niliouona kwenye simu, mwanamke anasogeza kitambaa atakavyo na uzi unachora majani. Alieleza kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi nilifuata mikono yake tu.

Yeye alishusha meno yanayovuta kitambaa chini ya sindano. Changu hakina pa kushushia. Nikakata mfuniko wa plastiki, nikautoboa pa kupita sindano, nikayaziba meno kwa selotepu. Nikafunga na mguu wa kutarizi, kile kichuma kinachoshikilia kitambaa penye sindano. Nikajiona mjanja, kwa muda mfupi.

Afadhali nilianza na matambara. Mishono ilitoka mirefu kama ya gunia, uzi ukakatika, chini ukajisokota madonge. Kila mchana nilijaribu, na kila mchana nilijiuliza kwa nini nilikubali mfuko ule. Mume wangu, nisimsingizie, hakunicheka. Aliyenicheka ni jirani yetu, mzee wa Kitanga anayeshona kanzu na suti, siku alipoleta suruali ya shule ya mwanangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mama, hapo unashona au unaendesha lori?"

"Kwani vipi?"

"Unaizungusha nguo kama usukani! Meno umeyaziba mwenyewe, nani anakulazimisha kwenda mbele? Nenda kando. Rudi nyuma. Sindano haina habari."

Kweli. Kwa shangazi nilizoea kugeuza nguo kila penye kona, na hapa nilikuwa nageuza mzigo mzima bila kufikiri.

"Na huo mguu wako unaogopa nini? Kanyaga! Mkono ndio uende polepole."

Haki yake nimpe: alicheka, lakini aliona. Na alikiri mwenyewe kwamba mshono huo hajawahi kuushona.

Nikavaa glovu za kuoshea vyombo kitambaa kisiteleze, nikakanyaga. Cherehani ikanguruma, mkono ukaenda kando, ukarudi, na jani likatoka. Jani la mgomba, na mshipa wake katikati! Nilipiga kelele mpaka mzee akashika moyo.

Kisha nikahamia kwenye vitenge vyenyewe. Jani la kwanza limepinda, bado lipo. Baada ya hapo sikusimama ila kubadili uzi.

Mama mkwe alipokuja, nilimpa kile kitu chake cha kujifunika. Alikigeuza kwanza upande wa chini, akavuta nyuzi kwa kucha. Hazikuachia. Akafika kwenye lile jani.

"Hili limepigwa na upepo," akasema.

"Hilo nilikosea, mama."

"Na haya mengine?"

"Hayo nilikuwa nimeshajua."

Akatafuta kitenge kimoja baada ya kingine kwa kidole, vyote akavikuta, hakuna kilichoharibika. Nikaleta mfuko nimkunjie.

"Mfuko wa nini?" Akajitanda mabegani, jua linawaka, akatoka nacho hivyo hivyo mpaka stendi. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba mkoba wake, na kila aliyegeuka kutazama, nilimwacha atazame mpaka atosheke.