Bibi Mifugo Aliyeliacha Sofa na Kumrudia Panzi

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi ya katikati ya Januari 1998, Rebeka Chenge anasimama ukingoni mwa mbuga, mwendo mfupi tu tangu aiache barabara kuu ya Usagara. Anaegemeza pikipiki yake kwenye kichuguu. Ni lazima awe na kichuguu, maana pikipiki ni ndefu na yeye ni mfupi. Asipopata pa kukanyagia, hatapanda tena.

Anavua viatu, anakunja suruali hadi magotini, anaokota fimbo na kuingia topeni kwa miguu. Anachoma fimbo hapa, anachoma pale. Penye maji anapita kwanza mwenyewe, apime yanafika wapi. Yakizidi goti, anasema, hapo hapiti hata aitwe na nani. Mto unaokuonyesha uso bila kukuonyesha miguu si wa kuchezewa.

Nyuma ya kiti kuna kasha la barafu lililokazwa kwa mipira ya tyubu. Ndani yake zimo chupa saba za chanjo ya chambavu. Huo ni ugonjwa unaovimbisha paja la ng'ombe na kumuua kwa siku moja au mbili, na mabaya yake ni kwamba unachagua ndama walionona. Chupa moja inatosha ng'ombe hamsini.

Ng'ambo ya mbuga, kilomita nne za udongo mweusi, wafugaji wa kijiji cha Ng'walukindo wamekusanya mifugo tangu kuche. Wamempa muda hadi saa nne. Ikipita, wanafungulia ng'ombe waende malishoni, na jina la Rebeka lisitajwe tena kijijini hapo.

Anarudi, miguu imekuwa mizito kwa tope kama amevaa buti. Anacheka.

"Panapitika," anasema. "Ila kwa huyu tu."

Huyu ni Panzi. Ndivyo watu walivyoiita pikipiki hiyo, kwa miguu yake mirefu na mlio wake wa kukereza. Ili kuelewa kwa nini mama wa miaka arobaini na mbili anaicheka mbuga iliyomliza miezi miwili iliyopita, inabidi turudi nyuma kidogo. Na kama una kijana anayekusumbua umnunulie pikipiki, soma polepole.

Rebeka alikuwa bibi mifugo wa serikali kwa miaka kumi na mitatu. Tisa kati ya hiyo alizunguka na Panzi huyu huyu, mali ya serikali. Alianguka naye, akamwinua, akaendelea. "Mwanzoni wanaume walikuwa wanakuja njiani kunitazama," anakumbuka. "Wananiuliza, wewe mama, mumeo amekuruhusu? Nawajibu, ameniruhusu, ila ng'ombe wako ndiye sijui kama ataruhusu sindano."

Mwaka 1995 upepo ukageuka. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na jina lake likawa kwenye orodha. Pikipiki ikarudishwa, ikapigwa mnada pamoja na meza zilizovunjika. Rebeka akapewa kiinua mgongo, mkono wa kwaheri, na ushauri kwamba siku hizi ni za kujiajiri.

Akajiajiri. Ujuzi alikuwa nao, wafugaji walimjua. Alichokosa ni usafiri.

Hapo ndipo alipoonekana mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika kwa pikipiki. Safari ilikuwa imemchosha, akawa anauza chombo chake mjini Mwanza ili apande ndege arudi kwao. Lilikuwa pikipiki kubwa la safari ndefu za lami: kioo cha kuzuia upepo, masanduku mawili pembeni, madigadi ya kukinga tope yanayong'aa, na kiti kipana ambacho juu yake ungeweza kumlaza mtoto. Rebeka alikaa juu yake, nyayo zote mbili zikatua chini barabara.

"Miaka tisa nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja kama korongo," anasema. "Siku ile nilikaa nikahisi kama malkia. Sikuuliza kitu kingine. Nikatoa kiinua mgongo karibu chote."

Alipolifikisha nyumbani Usagara, mama yake mzazi, Ng'washi, alilizunguka mara mbili. Kisha akasema.

"Mwanangu, hiki kinataka kitambaa cha kupangusia. Wewe una kazi au una sebule?"

"Mama, miguu inafika chini!"

"Hata ya bata inafika."

Majirani wakaliita Sofa. Na kwa muda, Sofa lilimfanya mama mtu aonekane mwenye wasiwasi wa bure. Mwaka ule na uliofuata mvua zilikuwa haba. Mbuga ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, na Rebeka alipita juu yake amekaa kitako, mgongo hauumi, vumbi linaishia kwenye kioo. Alikuwa akifika Kigongo, anavuka na kivuko, anachanja ng'ombe upande wa Busisi na kurudi bila hata kutoa jasho.

Kosa lake lilikuwa hilo. Alilipima Sofa uani na kwenye ukame, akadhani amelipima.

Mvua za El Nino zilipoanza mwishoni mwa 1997, hazikuuliza nani ana nini. Novemba, Mzee Luhaga, mfugaji wa Ng'walukindo mwenye zizi kubwa kuliko wote pale, alituma salamu: ndama wawili wamevimba mapaja, njoo haraka. Rebeka akajibu, kesho asubuhi. Akachukua barafu mjini alfajiri, akapakia chanjo, akaondoka.

Wanaoujua udongo wa mbuga wanajua unavyofanya ukilowa. Haurushwi na tairi, unaganda. Madigadi ya Sofa yalikuwa yamelala karibu kabisa na tairi, kwa uzuri. Tope likaingia katikati, likajaa, likakaza kama saruji. Gurudumu la mbele likagoma kuzunguka, na pikipiki likalala ubavu, Rebeka chini yake.

Alijitoa. Kulinyanyua hakuweza. Lilikuwa na uzito wa magunia mawili na nusu ya mahindi, na yeye peke yake katikati ya mbuga, mvua imekatika na jua linawaka. Alikwangua tope kwa vidole. Alisukuma mpaka akatapika. Saa nane walipita vijana wanne wakamsaidia kulisimamisha, lakini kasha lilikuwa limepasuka kifuniko na barafu yote imekuwa maji.

"Chanjo iliyopata joto ni maji tu," anasema. "Ningeweza kwenda nikawachoma ng'ombe wa watu, nikalipwa, na nani angejua? Nikaimwaga pale pale. Halafu nikakaa topeni nikalia."

Ng'walukindo walikufa ndama kumi na wanne. Tisa walikuwa wa Luhaga.

Alikwenda kuomba radhi kwa miguu. "Shikamoo, mzee," alisalimu. "Marahaba," Luhaga akaitika, kisha akamtazama nyuma, kulia na kushoto. "Sofa liko wapi? Limekaa?" Watu waliokuwepo wakacheka, si kicheko cha kufurahi. "Mama, sisi hatuna ugomvi na wewe. Ila ukisema kesho, tujue unamaanisha kesho au ukame."

Neno hilo lilimchoma kuliko sindano zote alizowahi kushika. Kazi ya bibi mifugo asiye na ofisi ni ahadi. Kama tarehe yake haiaminiki, hata mkono wake uwe na ustadi gani, hakuna atakayemfungia ng'ombe.

Wiki iliyofuata alikwenda na Sofa Mkuyuni kutafuta madigadi mengine kwa Bilali, muuza vipuri. Uani kwa Bilali, nyuma ya lundo la rimu, aliona pembe za usukani anazozijua. Alisogea. Tangi bado lilikuwa na mbonyeo alioutengeneza mwenyewe mwaka 1989.

"Kaka Bilali, huyu umempata wapi?"

"Mnadani. Nilidhani nitauza, hakuna anayemtaka. Wateja wanasema ukipanda unaonekana kama unachungulia dirisha la jirani." Bilali alikuwa hamsikilizi vizuri, macho yako kwenye Sofa. "Dada, hilo lako, huliuzi? Nina kazi ya kuongoza magari ya maharusi. Hilo likitangulia mbele na maua, mji mzima utaoa."

"Tubadilishane."

Bilali alidhani anataniwa. "Unaniachia sofa unachukua panzi?"

"Na nyongeza. Matairi mawili mapya ya kashata, yale ya meno makubwa ya kushika tope, cheni mpya, plagi nne, na unifungulie injini niione kwa macho yangu."

"Dada Rebeka! Nyongeza nitoe mimi?"

"Wewe unapata harusi. Mimi napata tope. Nani aongeze?"

Walivutana mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa, Bilali akaenda kuswali, akarudi amekubali. Mpaka leo hajajuta. "Mwezi huu harusi tano," anasema huku akilipangusa Sofa kwa kitambaa. "Kila mtu na riziki yake na barabara yake."

Kuzoeana upya hakukuwa lelemama. Siku ya kwanza Rebeka alianguka mara tatu kabla ya kutoka Mkuyuni, na mwendesha mkokoteni akamwita "bibi sarakasi". Mgongo ulirudi kuuma. Lakini kila alipoanguka alimshika Panzi pembeni, akamnyanyua peke yake, akasonga. Madigadi ya mbele yamekaa juu kabisa, mbali na tairi. Tope likipanda, linadondoka lenyewe.

Ng'washi alipomwona Panzi akiingia uani, alipiga kigelegele kabla hajaambiwa chochote. Halafu akashika kichwa. "Huyu ndiye. Sasa nitaanza tena kukesha."

Ndivyo mama walivyo. Pikipiki mbaya inawatisha, na nzuri inawatisha zaidi, kwa sababu inafika mbali. Basi mwanao akikuambia amepata pikipiki, usiulize rangi wala bei. Muulize anakwenda nayo wapi, mvua ikinyesha itafanyaje, na ikiangukia ubavu nani ataiinua. Akishindwa kujibu moja, ufunguo ubaki mezani.

Januari, chambavu ilionekana tena kijiji cha jirani. Rebeka alituma salamu Ng'walukindo: Jumamosi nitakuja na chanjo. Jibu la Luhaga lilikuwa fupi. "Saa nne."

Hivyo ndivyo tunavyomkuta pale kichuguuni, miguu imejaa tope, akimpanda Panzi.

Kilomita ya kwanza anapita amesimama juu ya vikanyagio, makalio hayagusi kiti. Ya pili anaanguka, polepole, kama mtu anayelala. Anafunua kasha kwanza: barafu ipo. Anamnyanyua Panzi. Ya tatu kuna mfereji wa maji. Anashuka, anatembea, yanafika chini ya goti, anarudi, anavuka. Ya nne anaona ng'ombe.

Wafugaji wanasikia mlio kabla ya kumwona. Wanawake wanatoka majumbani. Mtu anapaza sauti, "Bibi Mifugo huyoo!" na vigelegele vinapokelewa zizi hadi zizi. Luhaga anatazama jua, kisha saa ya mkononi ya mwenzake, ahakikishe.

Saa tatu na robo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Safari hii hatazami nyuma yake. "Maji ya kunawa, jamani! Mama amefika."

Aliwachoma ng'ombe mia tatu na thelathini na mmoja siku ile, wanapita mmoja mmoja kwenye kibanio cha miti, yeye na sindano, Luhaga mwenyewe akishika mikia. Walipomaliza, mkono wake haukuweza kushika kikombe. Wakamnywesha.

Kazi haikuishia hapo. Chanjo huchukua siku kama kumi kushika mwilini, na kwa siku hizo Rebeka hakupata usingizi mzuri. Kila mpita njia kutoka ng'ambo alimuuliza: kuna aliyevimba?

Leo ni wiki tatu. Kijiji cha jirani kimepoteza ndama ishirini na sita. Ng'walukindo, hata mmoja.

Habari zimesambaa. Vijiji vinne vimemwita, viwili vikiwa vile vilivyokuwa vimemfuta baada ya aibu ya Novemba. Anatoza shilingi mia kwa ng'ombe, na anasema kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazini ameacha kuhesabu siku za mwezi. Mpango wake ni kufufua josho la zamani la Ng'walukindo, lililokauka tangu serikali iliponyoosha mikono, na kila kijiji kiwe na kibanio imara cha kudumu. Baada ya hapo, chanjo ya homa ya mapafu.

Ameitwa kwenye mkutano wa wafugaji kulizungumza hilo. Wamekaa juu ya magogo, mawingu meusi yamesimama juu ya ziwa. Luhaga anauliza swali ambalo wote wanalingoja.

"Na hiyo ya mapafu unakuja lini?"

"Jumanne ijayo."

Mtu mmoja nyuma anaanza, "Na mvua iki—" lakini Luhaga anamkatiza kwa mkono.

"Mmesikia. Jumanne," anasema, akiinuka na kuchukua shoka lake. "Twendeni tukakate nguzo za kibanio."